Ini Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi kali. Upepo umeingia ofisini bila kubisha. Nilivaa sweta mbili na bado nikatetemeka, ingawa sina hakika kama ni baridi peke yake. Saa tatu kamili Sista Bertila aliniita.

Sista Bertila ni mkuu wa chuo chetu cha uuguzi. Hapandishi sauti. Hajawahi. Mimi ni karani wake wa maktaba, miezi mitano na nusu sasa, katika majaribio ya miezi sita. Tarehe 27 bodi inakaa. Siku hiyo nitathibitishwa kazini, au nitarudi Namanyere kuvuna ulezi wa mjomba. Mama ameshatangaza jumuiyani kwamba mwanae Loth anatunza vitabu vya madaktari. Atawaambiaje sasa kwamba ninatunza ulezi?

Ofisini nilimkuta Kelvin, karani wa kompyuta. Naye yuko majaribioni. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Hakuna aliyetuambia hilo, lakini barua ilipita mezani kwangu, na mimi kwa woga husoma kila kinachopita mezani kwangu.

Sista akaeleza kazi. Chuo kinataka kijitabu cha rejea kwa Kiswahili, kiende kwenye zahanati zote wanakofanyia mazoezi wanafunzi wetu, kuanzia huku juu Sumbawanga mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mada kumi na mbili: homa ya mapafu, pumu, ini, mtoto mchanga asiyepumua, na kuendelea. Kijitabu cha mwaka jana kilinakiliwa kutoka kitabu cha watu, bila kuwauliza. Wenyewe wakaandika barua. Nakala zote mia tatu zikarudishwa, na Sista akazichoma moja moja nyuma ya jiko la chuo. Barua ile ninayo kwenye faili. Niliisoma mara moja, nikashindwa kula mchana.

Safari hii, akasema, tutatumia vile tu ambavyo mwenyewe ametamka kwa maandishi kwamba watu wavinakili, wavitafsiri na wavichape. Viko mtandaoni, tukavitafute. Kila mmoja wetu alete orodha yake na ushahidi wake. Itakayosimama ndiyo itakayokwenda bodini, pamoja na jina la mwenye orodha.

Nje ya mlango Kelvin alinipiga begani. Kazi ya nusu saa hii, mshikaji, akasema. Kitu kikiwa mtandaoni ni cha bure, la sivyo wangekiweka ya nini? Nikamtazama kwa huruma, kama msomi anavyomtazama mtu. Ukweli ni kwamba hata mimi niliamini hivyo mpaka saa tatu asubuhi ya leo.

Jumanne, 17 Juni

Nimetafuta tangu saa mbili. Sikujua. Sikujua kabisa.

Kuna vitabu vizima vya tiba vimekaa tu, kurasa mia nane, kurasa elfu moja, havina mlango. Kuna kamusi elezo ambayo watu wa dunia nzima wanaiandika usiku na mchana, halafu wanasema chukua. Kuna moyo uliochorwa pande zote, hata kwa nyuma, ambako sikuwahi kufikiria kwamba moyo una nyuma.

Halafu nikaliona ini. Mchoro wa zamani, mistari myembamba kama nywele, kila mshipa umefuatwa mpaka unapoishia. Chini yake wameandika kwamba mchoraji alikwisha kufa, muda wa haki zake umepita, na sasa mchoro ni mali ya watu wote. Ini lisilo na mwenyewe. Nilivua kofia. Chumbani nilikuwa peke yangu.

Kisha hofu ikaja. Hakuna muhuri. Nilitafuta juu, chini, pembeni. Nina miaka ishirini na minne na sijawahi kupewa ruhusa isiyo na muhuri. Ruhusa ya kwenda kumzika babu ilikuwa na mihuri miwili, wa mwalimu mkuu na wa mtendaji wa kata. Mtu awape walimwengu ini zima, ashindwe kugonga muhuri? Mtego.

Mpango wa kwanza: kuwaandikia wenyewe barua, mmoja mmoja, kuomba rasmi kile walichokwisha kutoa, wanirudishie jibu lililogongwa muhuri. Nimeandika nne. Kumb. Na. ipo. Yah: OMBI LA RUHUSA YA KUTUMIA INI. Hapo nikakwama. Mchoraji alifariki kabla babu yangu hajazaliwa. Nipitishe barua kwa nani? Nikaiweka kando, nikapeleka posta tatu zilizobaki.

Njiani kurudi nikahesabu. Wiki tatu kufika huko, wiki tatu kurudi. Bodi inakaa baada ya siku kumi.

Jumatano, 18 Juni

Kelvin ana mada tisa tayari. Alisema kwa sauti wakati wa chai, akichovya andazi. Mimi nina tatu ambazo siziamini, ini likiwemo.

Ila ninaandika. Kila ukurasa ninaofungua nauingiza kwenye daftari: anwani yake, jina la aliyeutengeneza, leseni inasema nini neno kwa neno, niliuona tarehe gani, saa ngapi. Si busara. Nataka nikikamatwa niwe na maelezo.

Mpango wa pili. Kelvin alipokwenda kufunga spika kanisani kwa ajili ya Jumapili, nikaketi kwenye kompyuta yake. Hakuweka nywila. Juu kabisa palikuwa na folda inaitwa BURE. Nikaihamisha yote kwenye flashi. Moyo ulidunda mpaka nikausikia masikioni, ule moyo wenye nyuma.

Nilipofungua kwangu nikaona kwa nini amepata tisa upesi hivyo. Vitabu vizima vya kiada, vipya, vizuri, vimeibwa na mtu fulani na kuwekwa mtandaoni. Ukurasa wa pili wa kila kimoja kuna ile alama ya hakimiliki na maneno kwamba haki zote zimehifadhiwa, usinakili sehemu yoyote kwa njia yoyote. Kimojawapo ni kile kile cha mwaka jana.

Kwa hiyo sasa nina mali ya wizi iliyoibwa mara mbili. Nimeificha flashi ndani ya ndoo ya unga chumbani kwangu Kizwite. Nimesonga ugali kwa unga wa jirani.

Alhamisi, 19 Juni

Alikuja Nesi Josefina, kutoka zahanati ya ufukweni. Ametoka alfajiri kwa basi, kikapu cha migebuka mkononi, na maktaba nzima ikanuka ziwa. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba baba, akasema, mbona umekonda, hawakulishi hawa masista?

Alitaka kujua kijitabu kipya kinatoka lini. Cha mwaka jana aliambiwa akirudishe, akakirudisha, ila kwanza alikaa akaunakili kwa mkono ukurasa wa mtoto mchanga asiyepumua. Akanionyesha. Karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Picha alijitahidi kuichora, lakini alisema mwenyewe kwamba mtoto wake anafanana na kiazi.

Nikamwonyesha ukurasa niliouona Jumanne kuhusu jambo hilo hilo. Hatua kwa hatua: namna ya kumkausha, kuweka kichwa sawa, kushika barakoa usoni. Aliinama kwenye kioo muda mrefu. Halafu akaweka kidole chini kabisa, kwenye duara dogo lenye herufi mbili za C, akauliza hiki nacho ni nini.

Nilijibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba ni leseni huria, mama. Ndiyo, inasemaje? Sikujua inasemaje. Nilikuwa nimeinakili kwenye daftari neno kwa neno bila kuisoma kama maneno. Ikabidi nimsomee, nikitafsiri papo hapo: Una ruhusa ya kunakili na kugawa. Una ruhusa ya kubadilisha, kutafsiri, kujengea juu yake. Utaje jina la aliyetengeneza, na useme ulichobadilisha. Basi.

Basi? akauliza Josefina. Basi, nikasema.

Akasema hebu rudia. Nikarudia. Akatikisa kichwa polepole, akasema mtu huyu hatujui hata kidogo, mwanangu, na ametuachia.

Mahali fulani mtu aliketi akachora pumzi ya mtoto mchanga, hatua kwa hatua, kisha akaondoka bila kufunga. Josefina aliniachia samaki wawili. Nimeshindwa kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeamka nimeelewa leseni. Nimeamka pia nimeelewa kwamba bodi haitaielewa. Kwenye bodi kuna wazee. Mzee humwambii kwamba ruhusa ni duara dogo chini ya ukurasa. Atauliza muhuri uko wapi.

Mpango wa tatu, mkubwa kuliko yote: nitagonga mwenyewe.

Nilikwenda kwa Kalisti, mchonga mihuri karibu na soko. Aliuliza barua ya ofisi iko wapi. Nikampa, nilikuwa nimejiandikia. Akauliza ni ofisi gani hii ya Leseni Huria, mbona hajawahi kuisikia, na yeye amechonga mihuri ya ofisi zote za mkoa huu. Nikasema ni mpya. Akauliza katikati aweke nini, mwenge? Nikasema hapana, nembo ya serikali hapana, weka chochote.

Alisema Ijumaa ana kazi nyingi, lakini ana mmoja tayari ambao mteja hakuja kuuchukua, una neno IMEKAGULIWA, umbo la yai, mzuri sana. Ataongeza tu LESENI HURIA kwa chini. Nikasema sawa. Nilikuwa na haraka, kuna mwalimu wa chuo alikuwa ananunua nyanya hatua tano kutoka hapo, nami nimejifunika uso kwa skafu kama mwizi wa kuku.

Nimeufungua nyumbani. Juu ya IMEKAGULIWA kuna kichwa cha ng'ombe.

Jumamosi, 21 Juni

Ng'ombe si mbaya. Ukiutazama haraka unaweza kudhani ni kitabu kilichofunguliwa, chenye pembe.

Nimegonga kutwa. Sikujua kama kugonga muhuri ni raha hivi. Karatasi inakuwa imetulia. Kwanza niligonga zile saba ambazo daftari langu linazithibitisha. Kisha wino ulikuwa bado mbichi, nikagonga na zile nne ambazo sijapata leseni zake lakini zinaonekana za watu wema.

Ya kumi na mbili ni pumu. Ah, pumu hiyo. Sijawahi kuona maelezo kama yale, mapafu yamefafanuliwa mpaka unajikuta unavuta hewa kwa adabu. Waandishi wawili, mume na mke nadhani. Nimeitafsiri yote, kurasa kumi na sita, siku tatu kila baada ya kazi, na ninasema bila kujisifu kwamba Kiswahili kimekaa vizuri. Leseni yao inaruhusu kunakili na kugawa, ila inasema usigawe kilichobadilishwa. Nimeliandika hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu. Nimelitafakari. Sikubadilisha kitu. Mapafu ni yale yale. Nimebadilisha lugha tu.

Nikagonga.

Jumapili, 22 Juni

Maandamano ya Ekaristi. Mji mzima barabarani, upepo unapeperusha vitenge na maua, watoto wa Komunyo ya kwanza wanatetemeka ndani ya nguo nyeupe. Niliimba. Niliomba pia, kwa jambo moja mahususi la tarehe 27.

Kelvin alikuwa anasukuma mkokoteni wa spika. Tulipopiga magoti alitua karibu yangu, akatazama mikono yangu niliyoikunja kwa ibada. Vidole vyote zambarau. Akanong'ona mwanangu, umechinja? Nikasema ni zambarau za mwituni. Akasema zambarau mwezi wa sita?

Baada ya baraka alinifuata mpaka nyumbani, eti kunisindikiza. Muhuri ulikuwa mezani. Aliuinua, akausoma, akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akaacha kucheka, akasema kwa upole kabisa kwamba ama nimgongee na zake tisa, ama Sista atasikia habari zake kesho kabla ya chai.

Jumatatu, 23 Juni

Nimezigonga za Kelvin. Zote tisa, mlango umefungwa, nikitazama pembeni. Alichapa kurasa za mwanzo tu za kila kitabu. Kelvin alikuwa ananipa karatasi na kusema inayofuata, inayofuata, kama tuko kwenye kliniki ya chanjo.

Najiambia kwamba sasa tuko sawa. Tukisimama tunasimama wote. Sijaendelea na sentensi hiyo upande wa pili.

Jumatano, 25 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Sista Bertila hakungoja Ijumaa. Alituita saa nne, wote wawili, na kazi zetu. Alianza na yangu. Akauchukua ukurasa wa homa ya mapafu, akaunyoosha mkono kuuweka mbali na macho, kisha akauleta karibu. Akauliza, sauti ile ile ya kila siku, kama pafu hili limepita machinjioni.

Nikasema Sista?

Akasema baba yake alikuwa anauza nyama ya ng'ombe huko Mollo. Tangu akiwa na miaka sita ameuona muhuri huu kwenye mapaja elfu moja. Hata ng'ombe ni yule yule. Ila hajawahi kuuona kwenye pumu.

Kelvin alikohoa. Sista hakumtazama. Alisema muhuri huu unamweleza Loth amesema nini. Yeye anataka kujua mwenye ukurasa amesema nini. Wapi? Nimwonyeshe kwa kidole.

Kisha akavuta kazi ya Kelvin. Muhuri, muhuri, muhuri. Akafunua ukurasa wa pili wa kitabu cha kwanza, na kidole chake kikatua kwenye mstari ule bila kutafuta, kama kuku anavyoona punje. Akausoma kwa sauti. Haki zote zimehifadhiwa. Akafunua cha pili. Haki zote. Cha tatu kilikuwa kile cha mwaka jana. Hapo nadhani sote watatu tulisikia harufu ya karatasi zilizochomwa.

Kelvin akasema Sista, hizo zimekaguliwa na Loth.

Wakanigeukia. Nilikuwa na uongo mzuri, niliutengeneza tangu Jumapili, kwamba muhuri uliibwa. Nikafungua mdomo ukatoka ukweli. Ulitoka wote. Folda, flashi kwenye unga, Kalisti, barua ya ini, wino, zile nne ambazo sikuthibitisha, hata ile barua ya nafasi moja niliyoisoma mezani, ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikataja daftari pia, sijui kwa nini, nadhani nilikuwa nimeishiwa makosa.

Sista akasema nilete hilo daftari.

Alilisoma dakika ishirini. Saa ya ukutani niliihesabu. Mara mbili aligeukia kompyuta, akafungua anwani niliyoandika, akalinganisha, akarudi. Sikuwahi kuona mtu anasoma mwisho wa ukurasa kabla ya mwanzo wake. Anashuka moja kwa moja chini, anatafuta nani ametengeneza, anaruhusu nini, anataka nini. Akikosa, anafunga, hata kama ukurasa ni mzuri kama malaika. Alisema mengi mtandaoni yameachwa tuyasome tu. Kusoma ni kitu kimoja, kunakili ni kingine, na mpaka kati yake mwenyewe ndiye anauweka.

Hatimaye akasema saba zinasimama. Ini linasimama, na halihitaji barua kwa marehemu. Nne hazina chochote, niziondoe. Na pumu? Akanigeuzia wino wangu mwekundu. Tafsiri ni mabadiliko, Loth. Hili uliliona.

Nikasema niliona, Sista.

Akauliza kama niliona, kwa nini sikuwauliza wenyewe. Aliyesema hapana kwa wote anaweza kumwambia mmoja ndiyo.

Halikuwa limenijia. Ningeweza kuwauliza hawa walio hai, na barua yangu niliyoikazania kuliko zote ilikuwa kwa mfu.

Mihuri yote itaondolewa. Nichape upya kurasa safi. Kelvin aanze na sifuri. Tuna siku mbili. Kuhusu kazi zetu hakusema neno, na hilo ndilo lililonitoa jasho kwenye baridi hii.

Alhamisi, 26 Juni

Barua pepe kwa waandishi wa pumu niliandika ukurasa mzima na nusu. Sista alisimama nyuma yangu akiwa na peni. Alifuta Kumb. Na. Alifuta Yah. Alifuta kwa heshima na taadhima. Zikabaki sentensi tatu: sisi ni nani, tunataka kutafsiri nini, kitakwenda kwa nani. Nilihisi kama nimetumwa mjini bila shati. Ikaondoka saa tatu asubuhi.

Halafu nikatafuta badala ya zile nne kwa namna ya Sista, kuanzia chini. Kurasa ishirini nilizifunga bila kuzisoma, nyingine nzuri mno, iliniuma. Saa sita nilikuwa na tatu. Saa saba ya nne. Kila moja na duara lake, jina la mtu wake, na sharti lake. Kuna mmoja sharti lake pekee ni kwamba toleo letu nalo liachwe wazi hivyo hivyo kwa atakayekuja. Nilifikiria mtu wa mbali, asiyezaliwa bado, akinakili kutoka Sumbawanga. Nikasimama nikazunguka meza.

Saa nane na robo jibu likaja. Nililisoma nimesimama.

Ndiyo, wameandika. Tafsirini. Wametuma na michoro ya mapafu isiyo na maandishi, ili tuweke maneno yetu wenyewe. Wanaomba tu nakala ya Kiswahili ikitoka, ingawa hawataweza kuisoma, waiweke mahali wanapoiona.

Hakuna kumbukumbu namba. Hakuna cheo chini ya jina. Hakuna muhuri. Zimepita saa tano na robo tu tangu tulipouliza. Nilimpelekea Sista karatasi kwa mikono miwili kama mtu anabeba maji. Alisoma, akatazama dirishani kule wanafunzi wanakoanika sare, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haikuwa ile ile ya kila siku. Alisema mpigie Josefina umwambie.

Nilimpigia. Alisema haloo mara nyingi. Kisha akasema yule wa kiazi sasa atapata sura.

Ijumaa, 27 Juni

Bodi imekaa saa nne mpaka saa saba. Nilingoja kwenye benchi la korido na Kelvin. Baadaye alinipa nusu ya andazi lake, nikalila.

Tuliitwa. Sista Bertila alisema orodha ya kumi na mbili iko mbele yao, na ushahidi wa kila moja, na wazee wakafunua daftari langu ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyeuliza muhuri. Hakuna hata mmoja. Waliuliza tu hawa watu ni akina nani wanaotoa hivi, na Sista akajibu kwamba majina yao yatachapwa yote ukurasa wa kwanza, yasomwe huko zahanati.

Kuhusu Kelvin alisema aongezewe miezi mitatu, akae meza moja nami, nimfundishe. Kuhusu mimi alisema kwamba karani huyu alifanya ujinga wa kila aina, na bodi itausikia wote kutoka kwake, na akausimulia, kichwa cha ng'ombe na vyote. Kisha akasema lakini kila alichokiogopa alikiandika, na mtu wa namna hiyo chuo kinamhitaji. Wakapiga kura kwa mikono. Nimethibitishwa kazini.

Mama nilimpigia hapo hapo uani. Alipiga kelele kwa Kifipa kiasi kwamba ningeweza kuokoa gharama za simu, sauti ingenifikia tu kutoka Namanyere.

Sasa hili la chai. Mzee Beda, bwana mifugo mstaafu, yuko bodini, alinisogelea na kikombe. Shikamoo, marahaba. Alisema amefurahishwa, amefurahishwa sana, na je, vitu huria vya namna hii vipo vya magonjwa ya ng'ombe? Maana wafugaji huku hawana hata karatasi moja.

Ningeweza kusema sijui mzee, nitatafuta. Sista angesema hivyo. Nilimwona Sista upande wa pili wa chumba akinitazama juu ya kikombe chake. Nami nikausikia mdomo wangu ukisema vipo mzee, tena nimekwisha kuvipata, kumi na tano, vyote nimevikagua.

Mzee Beda alinishika mikono yote miwili. Akawatangazia wenzake. Jumatatu asubuhi anakuja kuvichukua, na wafugaji wawili.

Sina hata kimoja.

Nimemweleza Kelvin tulipokuwa tunafunga ofisi. Hakushtuka. Alisema mshikaji, ng'ombe ninao, folda nzima, tangu mwaka jana. Akanipa. Nimekuja nayo nyumbani, nimeifungua, na kwa kweli ni vitabu vizuri, vipya, vina picha za rangi. Ni kumi na tano kamili. Ukurasa wa pili sijautazama. Mtu aliyethibitishwa kazini hapaswi kuishi kwa woga.